Tulivyosikilizana na Mtoto wa Mbwa

Akina mama wenzetu, mwezi huu hatutazungumza juu ya lishe wala homa za watoto. Tutazungumza juu ya mtoto wa mbwa. Huenda wengine mtafunua ukurasa unaofuata mkisema, "Dada huyu naye amekosa la kuandika!" Lakini wengi wenu mnaishi pembezoni mwa mji kama sisi, nyumba zimeachana, baba yuko safarini, nanyi mnalala na watoto huku simu iko chini ya mto. Katika nyumba nyingi za namna hiyo mbwa ameletwa na baba, na anayebaki naye kutwa kucha ni mama.

Sisi hapa Makurunge tulikaa miaka mingi bila mbwa. Siku hizi watu wamekuwa wengi, hasa tangu yalipoanzishwa mashamba ya miwa kwenye ardhi iliyokuwa ranchi ya RAZABA, na pamoja na watu wema wamekuja na wale wengine. Mwaka jana tuliibiwa kuku 11 usiku mmoja. Juma lililofuata mtu akajaribu dirisha la chumba wanacholala watoto. Sisi tulikuwa kazini zamu ya usiku, baba watoto alikuwa na lori Tanga, na nyumbani alikuwapo Bibi, yaani mama yake baba watoto, pamoja na watoto watatu. Bibi alishika mwiko akapiga sufuria na kupiga mayowe hadi majirani wakatoka. Wa kwanza kufika alikuwa mama jirani yetu wa upande wa kisimani, kanga moja kiunoni na panga mkononi. Mkumbukeni mama huyu, maana tutarudi kwake.

Ndipo baba watoto alipotafuta mbwa. Alielekezwa kwa mzee mmoja mjini Bagamoyo, mstaafu aliyewahi kufanya kazi na mbwa wa ulinzi, ambaye huwafundisha watoto wa mbwa uani kwake kisha huwauza. Tulikwenda wote wawili kumwona kwa macho yetu. Alikuwa na miezi 6, rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala. Mzee akisema neno, anaketi. Akiinua kiganja, anabaki pale pale hata kuku apite mbele ya pua yake. Akiitwa anakuja mbio. Alikuwa na kadi ya chanjo, na jina lake Bosi. Tukalipa, tukapanda naye bajaji, na njia nzima baba watoto alikuwa akisema kwamba sasa tutalala.

Nyumbani Bosi alikuwa mbwa mwingine kabisa. Aliingia jikoni akajibanza nyuma ya gunia la mkaa, na ukimwambia aketi anakutazama kama mtu uliyemsemesha Kichina. Watoto walitaka aitwe Simba. Baba watoto akaona Jimi ndilo jina la mbwa. Bibi naye akasema yeye hawezi kumwita mbwa bosi, tangu lini? Basi mnyama yule akawa na majina matatu kabla hajamaliza siku tatu. Amri nazo zilikuwa hivyo hivyo. Baba watoto alimwamrisha kwa Kiingereza kama alivyoona kwenye video. Kijana wetu mkubwa alisema, "Kaa chini!" Binti akasema, "Keti basi, keti jamani, si uketi?" Sisi tulikuwa tukisema, "Tulia," neno ambalo tumelizoea wodini.

Kijana alimwita, "Njoo!" Bosi akaja, tena kwa furaha, na alipofika akachapwa ndala kwa sababu ya kiatu cha kanisani alichokuwa amekitafuna asubuhi. Mara nyingine aliitwa akaja ili afungwe kamba. Baada ya majuma mawili ukisema "njoo" alikuwa anakwenda kinyume. Tena kila baba watoto alipomwinamia, Bosi alijikojolea palepale. Baba watoto aliona huo ni ujeuri, akachukua fimbo, na siku iliyofuata mkojo ukawa mwingi zaidi. Alisema tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Nasi, tukiri wazi, tulikubaliana naye.

Kisha ikaja Jumamosi moja. Kitindamimba wetu, mwenye miaka 6, alitaka kucheza naye. Bosi alikuwa amelala chini ya benchi barazani. Mtoto akamshika mguu wa nyuma akamvuta. Bosi akageuka, na kidole kikatoka damu.

Hapo uuguzi ulitangulia mbele ya umama, kwa bahati njema. Hatukusubiri kuona kama ni kidogo au kikubwa. Tuliweka saa mezani, tukaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, mtoto akilia na Bibi akisema inatosha. Haitoshi, mama, dakika 15 ni 15. Hatukupaka mafuta ya taa, wala pilipili, wala majivu, wala kahawa, mambo ambayo bado tunayakuta kwenye majeraha ya wagonjwa. Tulipaka ayodini, tukampeleka kituo cha afya siku ile ile, naye akaanzishiwa chanjo. Kadi ya Bosi tuliichukua tukaionyesha, lakini kadi ya mbwa haiondoi haja ya mtoto kuonwa na mtabibu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Katika miaka yetu ya kazi tumemuuguza mgonjwa mmoja wa namna hiyo, naye alikuwa mtoto. Hatutaki kumuuguza wa pili.

Jioni baba watoto akasema, "Jumatatu nisimkute huyu mbwa hapa." Alikuwa na hasira ya baba, na hatukumlaumu. Ila tulimweleza jambo moja la kitaalamu. Mbwa aliyeuma yafaa aangaliwe akiwa hai kwa siku 10, kwa maana kama alikuwa na kichaa kwenye mate yake siku aliyouma, kwa kawaida ataonyesha dalili au kufa ndani ya siku hizo. Ukimuua au kumfukuza unabaki gizani. Baba watoto akafikiri, akasema, "Sawa. Siku 10. Ya 11 anaondoka."

Basi tulimfunga Bosi kwa kamba ndefu chini ya mkorosho, mbali na njia ya watoto, na tukafungua daftari. Tuliandika kama tunavyoandika chati ya mgonjwa: amekula au la, amekunywa maji au la, mate yanamtoka au hapana, sauti yake ikoje, anatembeaje. Asubuhi na jioni. Tulikuwa na likizo ya majuma mawili wakati ule, kwa hiyo tulikuwa tukiketi pale na kazi za mikono, tukichambua mchele au kushona, na kumtazama.

Na kwa kweli ndiyo mara ya kwanza tulimtazama. Tangu afike tulikuwa tukimsemesha tu.

Siku ya pili tuliona kwamba kijana akipita karibu na kamba, Bosi anapiga miayo. Si usingizi, maana alikuwa ametoka kulala. Akipita baba watoto, anajilamba midomo ingawa hakuna chakula, anageuza kichwa pembeni, na weupe wa macho unaonekana. Masikio yanarudi nyuma, mkia unaingia katikati ya miguu. Tukaandika yote. Siku ya tatu tukawauliza watoto: siku ile kabla hajauma, mlimwona akifanya hivi? Binti akasema, "Alifanya, halafu akanguruma." Wakanyamaza kidogo, ndipo kijana akaongeza, "Lakini alishawahi kunguruma juzi yake, tukamchapa, akaacha."

Tulisikitika sana kwa jibu hilo. Kunguruma ndilo neno la mwisho alilokuwa nalo mnyama yule kusema "naogopa, niache". Tulimchapa kwa kulisema, akalinyamazia, na mara iliyofuata alikwenda moja kwa moja kwenye meno. Mama mwenye mtoto mchanga hujifunza kilio cha njaa na kilio cha tumbo bila kufundishwa na mtu, kwa sababu yuko naye na anasikiliza. Hakuna mama anayempiga mtoto wa miezi miwili kwa kuwa amelia. Hata ule mkojo, tulikuja kujua, haukuwa ujeuri: mtoto wa mbwa akizidiwa na hofu mbele ya aliye mkubwa kuliko yeye hujikojolea kumwambia "mimi ni mdogo, usinidhuru". Unaona basi jibu alilopewa.

Siku hizo Bibi ndiye alikuwa anamlisha, kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka. Bibi si mtu wa maneno mengi. Kila jioni saa 12 aliweka kigoda chake mahali palepale, akagonga sufuria kwa mwiko mara mbili, ule ule mwiko wa usiku wa mwizi, akamimina ugali na vichwa vya dagaa kwenye bakuli. Hakumwita jina lolote. Siku ya nne, alipogonga mara ya kwanza Bosi alikuwa amekwisha simama, mkia unatikisika. Siku ya tano Bibi aligonga, kisha akachelewa kumimina kwa sababu alikuwa akitafuta miwani yake. Bosi akamtazama, akaketi. Hakuna aliyemwambia. Bibi akasema, "Haya, mwenzangu ana adabu," akampa dagaa mzima.

Tulicheka, lakini tulikumbuka kitu tulichokijua kutokana na kazi. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000. Wapo wanaonusa mabomu ya kutegwa ardhini, na wapo wanaonusa makohozi ya wagonjwa kuona kama kuna kifua kikuu kilichopita bila kuonekana zahanati. Mmoja wao aliyeitwa Magawa alifanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 shirika la wanyama la PDSA la Uingereza lilimpa nishani ya dhahabu. Alikufa Januari 2022. Panya hao hawafundishwi kwa fimbo. Hufundishwa kwa kijidude kinachotoa sauti ya "tik", na mara baada ya sauti hupata kipande cha ndizi au karanga. Panya akishajua kwamba sauti ile maana yake ni "hapo umepatia", anakuwa na hamu ya kupatia tena. Hufanyiwa hivyo siku baada ya siku, kwa miezi kama tisa. Bibi wa Makurunge, ambaye hajawahi kufika Morogoro, alikuwa amegundua hilo kwa mwiko na sufuria.

Siku ya saba tulikuwa peke yetu chini ya mkorosho, mchele umekwisha chambuliwa. Bosi alikuja hadi mwisho wa kamba, akalaza kidevu kwenye vidole vya miguu yetu, akainua macho. Alikaa hivyo kitambo kirefu. Sisi tunaofanya kazi ya uzazi tunaijua oksitosini, ile sindano tunayomchoma mama mara mtoto anapotoka ili mji wa mimba ujikaze asivuje damu. Na mwili wenyewe huitengeneza mama anaponyonyesha na kumtazama mwanawe. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walieleza kwamba mbwa na mtu wake wakitazamana kwa utulivu, kiasi cha oksitosini hupanda kwa wote wawili. Tunasema mbwa na mtu wake, wanaojuana. Mbwa usiyemjua usimkazie macho hata kidogo, maana kwake hiyo ni vita, na watoto wafundishwe hivyo.

Jioni ile tuliandika kwenye daftari: "Amekula. Amekunywa. Hana dalili." Kisha tukampigia simu yule mzee wa Bagamoyo.

Alikuja siku ya nane. Tulitegemea aanze kumwamrisha Bosi, lakini aliomba kiti, akaketi, akanywa chai, akatuambia tumwite mmoja mmoja. Kila mtu akaita kwa jina lake na kwa neno lake. Mzee akacheka hadi akafuta machozi. Akasema, "Mbwa huyu hana kosa. Nilimfundisha yeye, sikuwafundisha ninyi. Anajua sauti yangu na mkono wangu na ua wangu. Hapa amekuta watu watano wenye lugha tano."

Ndilo kosa letu hilo, akina mama. Tulidhani mafunzo yamo ndani ya mbwa kama moto ulivyo ndani ya betri, ukinunua unawasha. Kumbe mafunzo yako kati ya mbwa na mtu, na mtu akibadilika kazi inaanza tena, ingawa safari hii huenda upesi zaidi kwa sababu mwanafunzi ameshajua kwamba kuna kitu cha kujifunza.

Tulichukua karatasi ya manila tukaibandika kwenye mlango wa jiko. Jina ni moja: Bosi. (Bibi aliruhusiwa kuendelea na mwiko.) Maneno ni matano: njoo, keti, baki, acha, lala. Hakuna "kaa chini", hakuna "tulia", hakuna Kiingereza. Kwa kuwa "njoo" ilikuwa imekwisha haribika, mzee alishauri tuitupe tutumie neno jipya, tukachagua "hapa". Akatuonyesha kwamba mkono hutangulia na neno hufuata, maana mbwa husoma mkono wa mtu kwa wepesi kuliko anavyosikia neno. Neno lisemwe mara moja, kisha ungoje. "Ukisema keti mara sita," alisema, "unamfundisha kwamba mara tano za kwanza hazina maana." Akipatia, apewe dagaa pale pale, si baada ya kwenda kuitafuta kabatini, la sivyo hatajua amelipwa kwa lipi. Dakika tano zatosha, mara mbili au tatu kwa siku, na mwishilie kwenye jambo analoliweza. Na kamwe asiitwe ili aadhibiwe. Kama amekosa na ni lazima umwendee, basi umwendee wewe kwa miguu yako.

Juu ya sauti tuongeze neno letu wenyewe. Mwaka 2016 watafiti wa Hungaria walipiga picha za ubongo wa mbwa waliozoezwa kulala kimya ndani ya mashine, wakaona kwamba mbwa hutofautisha neno lenyewe na namna lilivyotamkwa, na kwamba hufurahi hasa pale neno la sifa linapokuja na sauti ya sifa. Ukisema "vizuri" kwa sauti ya kugombeza, unampa fumbo. Kitindamimba aliposikia tukimweleza baba yake habari hiyo aliuliza, "Mbona Bosi tunamwita kwa upole na mimi mnaniita kwa kelele?" Tulimwambia anyamaze ale. Baadaye tuliona haya.

Siku ya 11 ilifika. Bosi alikuwa mzima, mtoto hakuwa na tatizo, na mtabibu alitupa maelekezo ya kumalizia. Baba watoto alisimama chini ya mkorosho akiwa na kamba mkononi, hakusema kitu. Sisi pia hatukusema kitu. Kisha akauliza, "Huyo mzee alisema nikae vipi?"

Alikuwa ameambiwa akae chini, ubavu kwa mbwa, asimwinamie, asimtazame, aweke dagaa kando yake na angoje. Kwa dereva wa lori mwenye kimo kile na sauti ile, kuketi mchangani amempa ubavu mtoto wa mbwa kila jioni, majirani wakipita na kusalimu, haikuwa kazi ndogo. Siku mbili za kwanza Bosi hakusogea. Siku ya tatu alinyoosha shingo akachukua dagaa akakimbia nayo. Ilipita karibu juma moja kabla hajaila palepale. Mkojo wa hofu uliisha wenyewe, hatukumbuki hata siku gani.

Mtoto aliyeumwa hatukumlazimisha. Alianza kwa kumtupia dagaa kutoka barazani, mkono wetu begani kwake, na hadi leo hawaachwi wawili peke yao. Wala asiachwe mtoto mdogo yeyote na mbwa yeyote, hata mpole wa namna gani. Watoto wetu wamekariri: mbwa anayekula, anayelala, au aliye kwenye kamba, haguswi.

Sasa turudi kwa mama jirani. Yeye ni Mwislamu, kama wengi wa majirani zetu hapa Bagamoyo. Tangu Bosi afike hakukanyaga kwetu, yeye aliyekuja na panga usiku ule. Tulijidanganya kwamba ana shughuli. Kumbe katika majuma yale ya mwanzo Bosi alikuwa ameponyoka akalamba ndoo yake ya maji kisimani, naye alipomwambia kijana wetu, kijana alimjibu kwamba ni mate tu. Mwenzetu ni wa madhehebu ya Shafi, na kwao chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Tulikwenda wenyewe na ndoo mpya na kijana nyuma yetu, akaomba radhi. Mama jirani alipokea, akatukaribisha kahawa, akatueleza kitu ambacho miaka yote ya ujirani hatukuwahi kumwuliza: dini yake haimkatazi mtu kuwa na mbwa wa ulinzi. Anachotaka ni kuwa na hakika kwamba hataguswa na pua yenye majimaji akiwa ametawadha.

Hilo likawa somo kuu la Bosi. Tulitandika gunia chini ya mkorosho, na kila mtu alipopiga hodi, mmoja wetu alinyoosha mkono kuelekea gunia na kusema "baki", kisha dagaa ikamfuata huko huko. Watoto walikuwa wakienda barabarani na kurudi kupiga hodi za uongo mara kumi kwa jioni, wakafurahi sana. Juma la kwanza alikaa kwenye gunia kwa muda wa kuhesabu hadi tatu. Kuna siku alirudi nyuma kabisa, hasa mvua iliponyesha na gunia likalowa, nasi tukaanza upya bila ugomvi. Ilichukua majuma saba.

Kwa wale mtakaochukua mbwa, machache ya haraka. Mtoto wa mbwa achanjwe dhidi ya kichaa akifikisha miezi mitatu, na chanjo irudiwe kila mwaka. Mwulizeni afisa mifugo wa kata. Apewe dawa ya minyoo, na watoto wanawe mikono kabla ya kula. Faida ya chanjo iko wazi: kisiwani Pemba, kwa kuchanja mbwa kampeni baada ya kampeni, kichaa kilitoweka mwaka 2014, kikaletwa tena mwaka 2016, na mbwa wakachanjwa tena hadi kikaondolewa mwaka 2018. Na fimbo, tukumbushane, haikatazwi na huruma peke yake. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mbwa ni kosa.

Ijumaa iliyopita, alasiri, tulisikia hodi. Sisi tulikuwa tunamenya mihogo, hatukuwahi kunyoosha mkono. Bosi aliinuka, akamtazama Bibi, akaenda kwenye gunia lake akaketi, sikio moja juu na jingine chini. Mama jirani alipita hatua chache mbele yake akapanda barazani. Aliketi hadi jua likataka kuzama, akatusimulia habari za mkwewe, na alipoondoka alimtupia Bosi jicho akasema, "Huyu anasikia kuliko watoto wenu."

Usiku baba watoto alipiga simu kutoka Tanga. Aliuliza kwanza kama Bosi amekula, ndipo akauliza watoto. Tulimwambia amekula, na kwamba Jumapili anunue viatu vya kanisani, kwa maana kile cha pili nacho kimekwisha tafunwa.